Siku Sita Bila Choo: Majibu kwa Wazazi Wapya

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wenye watoto wa chini ya mwaka mmoja watuandikie kuhusu jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya wageni, yaani choo cha mtoto. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo nimechagua sita, nimezifupisha, na nimeondoa majina ya walioandika. Kazi yangu ni ukunga na kliniki ya watoto, na mama anapoingia chumbani akisema tumbo la mwanawe halimpi raha, jambo la kwanza ninaloomba ni nepi. Nepi iliyofunguliwa mezani hunieleza katika nusu dakika mambo ambayo mama aliyekesha usiku kucha hawezi kuyapanga vizuri kwa maneno.

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu wa kiume ana wiki saba na ananyonya maziwa yangu tu. Zamani alikuwa akipata choo kila anapomaliza kunyonya, lakini leo ni siku ya sita hajapata kabisa. Anacheka, ananyonya na anakojoa kama kawaida. Jirani amenishauri nimwekee kipande cha sabuni, na shangazi yake anataka tumpige bomba la maji ya mwarobaini. Nifanye lipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi. Sabuni irudishe kwenye beseni na mwarobaini uache mtini, kisha tuzungumze.

Katika wiki za mwanzo, tumbo la mtoto linapopokea maziwa, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma kilichomo, na ndiyo sababu mwanao alikuwa akichafua nepi karibu kila baada ya kunyonya. Anapokaribia wiki sita, ishara hiyo hupungua nguvu, na wakati huohuo utumbo wake huwa umezoea kuyatumia maziwa ya mama karibu yote. Mafuta, protini na sukari ya maziwa humeng'enywa na kufyonzwa. Kinachobaki ni kidogo, na sehemu yake ni aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, bali huwa chakula cha bakteria wema waitwao bifidobakteria, waliojaa katika utumbo wa mtoto anayenyonya. Mabaki yakiwa machache namna hiyo, utumbo mpana huchukua siku kadhaa kabla ya kujaa kiasi cha kutaka kutoa. Nimeona watoto wenye afya njema wakikaa siku tano, siku saba, na wengine kupita hapo kidogo, halafu siku ya siku nepi haitoshi, na mama anajikuta anafua hadi shuka na kanga aliyojifunga.

Kwa mtoto wa umri huu hatusemi amefunga choo kwa kuhesabu siku. Tunasema amefunga choo pale kinachotoka kinapokuwa kigumu na kikavu, vidonge vidogo kama vya mbuzi. Choo kikija laini baada ya siku sita, mtoto huyo hakuwa amefunga choo hata kidogo. Alikuwa bado hajajaza ghala. Kwa hiyo tazama mambo mengine: anakojoa nepi sita au zaidi kwa siku, mstari wa uzito katika kadi yake ya kliniki unapanda, tumbo ni laini unapolibonyeza kwa kiganja, na anatoa ushuzi. Kama yote hayo yapo, mnyonyeshe na usubiri. Ukipenda, mwogeshe maji ya uvuguvugu na umkunje magoti taratibu kuelekea tumboni, mara kadhaa kwa siku. Haidhuru, na watoto wengine huifurahia.

Kuhusu sabuni, ngozi ya ndani ya njia ya haja ya mtoto ni laini kama ya ndani ya shavu lako, na sabuni huiunguza. Bomba linaweza kuutoboa utumbo wa mtoto mdogo, na mwarobaini si dawa ya kuchezea: mafuta yake yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na madhara ya ubongo. Shangazi ana nia njema, nalijua hilo, lakini mueleze kwa adabu kwamba tumbo hili halijaomba msaada.

Kuna swali moja ambalo ningekuuliza kama ungekuwa mbele yangu, nalo linahusu siku ya kujifungua. Je, mtoto alipata choo chake cha kwanza, kile cheusi, ndani ya saa 24, au angalau ndani ya saa 48? Kama alichelewa kupita hapo, na sasa anakaa siku nyingi huku tumbo limejaa, mpeleke hospitali hata kama anacheka. Wapo watoto wachache, takriban mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa, ambao sehemu ya mwisho ya utumbo wao haina mishipa ya fahamu ya kuusukuma uchafu. Ugonjwa huo huitwa Hirschsprung, kwa jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886, na tiba yake ni upasuaji, si sabuni. Vilevile, siku yoyote atakapotapika rangi ya kijani, tumbo likawa gumu na kuvimba, au akakataa ziwa, usisubiri siku ya saba.

SWALI: Nimejifungua juzi. Mtoto ametoa choo cheusi, kinanata, hakitoki kwenye ngozi bila kusuguliwa. Mume wangu ameogopa, anadhani ni damu iliyoganda. Mama mkwe naye ameniambia nikamue na kumwaga maziwa ya mwanzo kwa sababu ni machafu na ndiyo yamemharibu tumbo. (Msomaji, Singida)

JIBU: Mtulize baba mtoto. Hicho ni choo cha kwanza ambacho mtoto amekibeba tangu tumboni, mchanganyiko wa nyongo, ute, chembe za ngozi ya utumbo na maji ya uzazi aliyoyameza. Kinafanana na lami ya barabarani saa saba mchana, na kwa kweli kinasumbua kukifuta. Paka mafuta kidogo kwenye makalio kabla ya kufunga nepi, kitatoka kwa urahisi. Siku ya tatu utaona rangi ya kijani iliyofifia, na kufikia siku ya nne au ya tano kitakuwa cha manjano kama binzari, majimaji, chenye chembechembe nyeupe mithili ya ufuta. Hicho ndicho choo cha mtoto anayenyonya, na wengi hukidhania kuwa kuhara. Hakina harufu kali, na kinaweza kutoka mara nane kwa siku bila tatizo lolote. Rangi ya kijani ikirudi siku mojamoja, usishtuke. Ni nyongo iliyopita haraka kabla ya kubadilika.

Kuhusu dang'a, naomba uongee na mama mkwe leo hii. Maziwa hayo mazito ya manjano hayajalala na kuchacha ndani ya ziwa. Yana kinga dhidi ya maradhi, na pia yana kazi ya kulainisha na kusukuma hicho choo cheusi kitoke. Mtoto anayenyimwa dang'a hukaa na lami yake muda mrefu zaidi, na mara nyingi hupata umanjano mkubwa zaidi, kwa sababu rangi ya nyongo iliyomo katika choo hicho hufyonzwa tena kurudi katika damu. Ukitaka kumpa mama mkwe heshima yake, mwambie mkunga ndiye aliyekukataza kumwaga.

Ila kama choo kimekwisha kuwa cha manjano na baadaye kikarudi kuwa cheusi, hilo ni jambo jingine. Huenda mtoto amemeza damu kutoka kwenye chuchu zako zilizochanika, au huenda anavuja damu ndani. Hilo huamuliwa hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni baba. Binti yetu wa wiki tano hujikamua hadi uso unakuwa mwekundu, analia kama dakika kumi, miguu inapiga hewani, na mwishowe anatoa choo laini kabisa kama uji. Anatuvunja moyo. Tumpe dawa ya kulainisha choo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, baba. Nafurahi kuona wanaume wanaandika. Dawa hiyo haina cha kulainisha, maana choo chenyewe ni laini. Binti yako anajifunza. Ili mtu apate haja kubwa, ni lazima abane misuli ya tumbo na wakati huohuo alegeze mlango wa nyuma. Wewe na mimi hufanya hivyo bila kufikiri, lakini mtoto mchanga hubana vyote viwili pamoja, anasukuma mlango uliofungwa, kisha analia kwa sababu kulia kunaongeza nguvu ya kusukuma. Baada ya wiki kadhaa ataupata mpangilio wake na vurugu hizo zitakwisha zenyewe.

Nakusihi jambo moja: msimchokoe kwa ncha ya kipimajoto, pamba wala kidole kilichopakwa mafuta. Choo kitatoka, ndiyo, lakini mtakuwa mnamfundisha kungoja kuchokolewa. Mbebe tu wima kifuani, mapaja yamekunjwa, na uvumilie dakika zako kumi.

SWALI: Mwanangu wa miezi saba anaharisha siku ya tatu sasa, choo cha maji mara sita au saba kwa siku. Mama mkwe anasema tumembemenda kwa sababu mimi na mume wangu tumekutana kabla mtoto hajaacha ziwa. Wifi yangu kamfungua mdomo akaona fizi zimevimba, zina weupe, anasema ni meno ya plastiki na kuna mzee anayeyatoa. Nimechanganyikiwa, naogopa hata kumnyonyesha. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwanangu, kabla ya yote mnyonyeshe, sasa hivi, na uendelee kusoma akiwa ziwani.

Anza na maji anayoyapoteza. Pata pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, katika zahanati au duka la dawa, soma imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani (nyingi ni za lita moja), tumia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, na usikadirie kwa jicho, kwa sababu mchanganyiko mzito kupita kiasi unaweza kumdhuru. Baada ya kila choo cha maji mpe kati ya robo na nusu ya kikombe kidogo cha chai, yaani mililita 50 hadi 100, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uanze tena taratibu zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga, changanya mengine. Omba pia vidonge vya zinki: kwa umri wa mwanao ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni miligramu 10. Kidonge huyeyuka katika kijiko cha maziwa yako au maji. Kosa ninaloliona kila mwezi ni kuacha zinki siku ya tatu kwa kuwa kuhara kumekoma. Malizia siku zote, kwa sababu zinki humkinga pia na kuhara kwa miezi michache ijayo. Aendelee kula uji wake. Kumnyima chakula ili tumbo lipumzike ni desturi ya zamani inayomwongezea udhaifu.

Ukiona utosi umebonyea, macho yamedidimia, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, amelegea, au kuna damu katika choo, beba mtoto uende kituo cha afya bila kusubiri nauli ya kesho.

Sasa kubemenda. Neno hili limewaliza wasichana wengi mbele yangu, na mara nyingi mtoto aliyekuwa akifa kwa kuhara alicheleweshwa kuletwa hospitali kwa sababu mama yake aliona aibu ya kuonekana amembemenda. Tendo la ndoa haliyachafui maziwa. Maziwa hutengenezwa na tezi za matiti kutokana na damu ya mama, na hakuna njia mwilini inayopeleka mbegu za mwanamume huko. Hata hivyo sitawacheka wazee wetu, kwa maana katazo lao lilikuwa na kazi: lilitenganisha uzazi. Mama akishika mimba nyingine mapema, maziwa hupungua, mtoto huachishwa ghafla, anapewa uji mwepesi usio na chochote, na kweli anadhoofu na kuharisha. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Lililokuwa likitimizwa kwa kulala mbali sasa linatimizwa kwa uzazi wa mpango, na mume wako halazimiki kuhamia sebuleni.

Kuhusu hayo meno, nataka nieleweke bila shaka. Hakuna meno ya plastiki. Uvimbe ule mweupe ni chonge za mtoto zikiwa bado chini ya fizi, na kila mtoto anazo. Wanaoyang'oa huchimba fizi kwa msumari, spoku ya baiskeli au kucha. Watoto wamevuja damu hadi kufa, wamepata pepopunda, na vifaa visivyo safi vinaweza kupitisha virusi vya UKIMWI. Wengine wamekua bila chonge, au meno ya ukubwani yakaota yakiwa yameharibika. Mzee huyo asimguse mtoto.

Kwa nini basi kuhara huja wakati wa kuota meno? Kwa sababu ni umri uleule ambao kinga aliyoipata kutoka kwako akiwa tumboni imepungua, ameanza kutambaa, anaokota na kuweka kinywani kila kitu, na ameanza uji, pamoja na kikombe, kijiko na mkono wa anayemlisha. Angalia pia kadi yake kama alipata matone ya chanjo ya rota, kirusi kinachowaharisha watoto, ambayo Tanzania ilianza kuyatoa kwa watoto wote mapema mwaka 2013, katika wiki ya 6 na ya 10. Na wakati anaumwa, choo chake kitupe chooni, usikimwage nyuma ya nyumba. Watu husema kinyesi cha mtoto hakina madhara, ilhali kina vijidudu kama cha mtu mzima, pengine zaidi. Osha mikono kwa sabuni. Hapo ndipo sabuni inapofaa.

SWALI: Asalaam alaikum. Mtoto wangu wa siku arobaini huanza kulia kila jioni baada ya magharibi mpaka karibu saa nne usiku. Anakunja miguu, tumbo linanguruma. Nyumbani wanasema ni chango, nimpe Gripe Water au asali kidogo, na mimi niache maharage na kabichi. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaikumu salamu. Saa ulizozitaja, na umri ulioutaja, ni vya msokoto wa tumbo wa watoto wachanga, ambao kwa kawaida hufika kileleni karibu na wiki ya sita na kuisha kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Madaktari wamejaribu kutafuta chanzo chake kwa miaka mingi bila kupata kimoja kinachowaeleza watoto wote. Gesi unayoisikia mara nyingi ni hewa aliyoimeza wakati akilia, kwa hiyo ni matokeo ya kilio kuliko chanzo chake.

Gripe Water ilianza kutengenezwa Uingereza na mtu aitwaye William Woodward mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na kilevi ndani yake, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini bibi zetu waliisifu. Za siku hizi hazina kilevi, lakini hazijathibitishwa kuwa zinatibu chango, na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote zaidi ya maziwa. Asali usimpe kabisa mpaka atimize mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lako huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Na mojawapo ya dalili zake za kwanza ni kufunga choo.

Maharage yako kula. Gesi ya tumboni mwako hutokana na bakteria wa utumbo wako, na gesi hiyo haiingii katika maziwa. Mcheulishe mtoto baada ya kila ziwa, mbebe wima, tembea naye, na mpokezane na mwingine nyumbani, maana kilio cha saa tatu humvunja hata mtu mvumilivu. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mahali salama, utoke nje upumue, usimtikise kamwe. Akicheua maziwa kidogo mdomoni, hilo ni jambo la kawaida kwa sababu mlango wa juu wa tumbo lake bado ni legevu. Lakini maziwa yakiruka kwa nguvu hadi mbali kila anaponyonya, kati ya wiki ya tatu na ya sita hasa, mwone daktari.

SWALI: Mimi ni bibi, nimeachiwa mjukuu wa miezi minne, mama yake amerudi chuoni. Nampa maziwa ya ng'ombe niliyoyaongeza maji. Choo chake kimekuwa vidonge vigumu, na juzi niliona mstari wa damu. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Shikamoo bibi, na pole kwa kulea mara ya pili. Huyu ndiye mtoto aliyefunga choo kweli katika barua zote za mwezi huu. Mstari wa damu juu ya choo kigumu kwa kawaida ni mchubuko mlangoni, lakini apimwe, pamoja na wingi wa damu yake, kwa sababu maziwa ya ng'ombe kabla ya mwaka mmoja yana madini ya chuma kidogo sana na yanaweza kuufanya utumbo uvuje damu kidogokidogo bila kuonekana. Protini na chumvi zake ni nyingi kwa figo za mtoto; ukiongeza maji unapunguza hizo, na unapunguza pia nguvu anayoihitaji kukua.

Kama binti anarudi nyumbani mwishoni mwa wiki, bado anaweza kunyonyesha, na siku nyingine akamue, maana ziwa linalokamuliwa haliachi kutoa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya jokofu na siku nne ndani yake. Yakikosekana, tumia maziwa ya kopo ya watoto wachanga, uyakoroge na maji yaliyochemka yakiwa bado moto, ndani ya nusu saa baada ya kuchemka, uyapoze kabla ya kumpa. Pima kijiko kilichomo koponi, ukisawazishe kwa kisu. Kijiko kilichojaa mlima hufunga choo, na kijiko pungufu kwa ajili ya kubana matumizi humdhoofisha. Papai, parachichi na maji ya kunywa vingoje afikishe miezi sita.

Sasa naomba nafasi kidogo kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza, ingawa nilisoma barua zote nikilitafuta. Watu wameniuliza choo cheusi, cha kijani, cha maji, kilichochelewa. Hakuna aliyeniuliza choo cheupe. Ndicho ninachokiogopa kuliko vyote.

Rangi ya manjano ya choo hutoka kwenye nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini na kushuka utumboni kwa mirija, na kuna watoto wachache ambao mirija hiyo huziba katika wiki za kwanza za maisha. Mtoto huonekana mnene, ananyonya vizuri, hana homa; ila choo chake hufifia wiki hadi wiki, kutoka manjano kuwa rangi ya krimu, kisha kuwa kama chokaa au unga wa sembe uliolowa, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, na macho yanabaki ya manjano baada ya siku 14. Daktari wa Japani, Morio Kasai, alieleza mwaka 1959 upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipate njia, na hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Baada ya hapo ini huwa limeanza kukauka. Huko Taiwan, tangu 2004, kila mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo ndani ya kitabu cha afya ya mtoto, na tangu hapo watoto wengi zaidi wamefikishwa kwa daktari wa upasuaji ndani ya muda. Kadi zetu hapa hazina picha hizo, kwa hiyo itabidi macho yako yafanye kazi hiyo.

Fungua nepi karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana, kwa kuwa taa ya simu hudanganya na choo cha krimu huonekana cha manjano. Ukiona weupe, ifunge nepi hiyohiyo katika chombo chenye mfuniko na uende nayo, wala usimkubali anayekuambia umwanike mtoto juani tu ili umanjano uishe. Kliniki ya chanjo ya wiki ya sita huangukia siku ya 42, na kutoka hapo zimebaki siku 18 tu za kumfikisha hospitali ya rufaa. Kwa hiyo siku hiyo, wakati muuguzi akitayarisha matone ya rota, mwombe aitazame nepi kabla hujaifunga.